SOMO: Chanjo mpya ya nguruwe, tuulize nini mbele ya kuchanja?



Mtu anafika sokoni na kachupa kadogo. Anasema: «Hii ni chanjo mpya ya homa ya nguruwe. Nguruwe zako hazitakufa tena.» Kwa yule aliyepoteza zizi lote kwa juma moja, neno hilo ni tamu. Nguruwe ndiyo pesa ya masomo ya watoto. Lakini mbele ya kutoa pesa, tuangalie yaliyofika Vietnam.

Vietnam walipita wapi?

Homa ya nguruwe ya Afrika iliingia kule mwaka 2019. Mwaka ule tu, nguruwe karibu milioni 6 walikufa ao waliuawa ili ugonjwa usienee. Watu walikuwa na haraka, na sisi tunawaelewa. Mwaka 2022 serikali ikakubali chanjo moja, iliyotengenezwa na virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Iliruhusiwa kwanza kwa nguruwe wa kunenepesha tu, wa juma 8 mpaka 10.

Mwezi wa 8 mwaka huohuo, mamia ya nguruwe walikufa nyuma ya kupigwa sindano, katika jimbo la Phu Yen na majimbo ya jirani. Serikali ikasimamisha chanjo mara moja. Wakubwa wa mifugo walisema ilitolewa bila uongozi wa waveterineri. Wakaanza tena polepole, chini ya ulinzi, wakihesabu. Mwezi wa 7 mwaka 2023 ndipo ikaruhusiwa katika inchi yote.

Tunajifunza nini?

1. «Imejaribiwa» haitoshi. Uliza: juu ya nguruwe gani? Kama ni wadogo tu, hakuna anayejua bado itamfanya nini nguruwe mwenye mimba.

2. Virusi hai vinaweza kurudilia nguvu ao kuchanganyika na vile vya porini. Jambo hilo halionekani kwa siku mbili. Ndiyo maana majaribio yanachukua muda.

3. Virusi si vya namna moja. Ile chanjo ilitengenezwa juu ya virusi vya kundi la 2. Huku Kivu ya Kusini watafiti walikuta vya kundi la 9 na la 10. Chanjo iliyosaidia kule inaweza kushindwa huku.

4. Muuzaji asiwe shahidi peke yake. Mwaka 2023 Shirika la Ulimwengu la Afya ya Wanyama lilionya juu ya chanjo zisizo na ubora.

Kumbe, hatukatai chanjo. Ile ya Newcastle ya kuku imetumika miaka mingi, tuendelee nayo. Lakini mtaalamu anayesema «hapa hatujajua bado» anastahili kuaminiwa kuliko anayeahidi yote.

Kazi yetu sisi wafugaji

Siku chanjo iliyokubaliwa na serikali itafika, daftari ya koperative iwe tayari: tarehe, namba ya chupa, umri wa nguruwe, wangapi wamechanjwa, wangapi wamegonjwa, wangapi wamekufa. Usifiche waliokufa juu ya haya. Ukificha watatu, jirani atachanja wake kwa hesabu ya uongo. Na usiuze nyama yao, maana inabeba ugonjwa.

Kwa sasa, kinga iko mikononi mwetu: fungia nguruwe, chemsha mabaki ya chakula, tenga nguruwe mpya mbali na wengine, safisha viatu mbele ya kuingia zizini, na mjulishe veterineri mara moja nguruwe akigonjwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

– Muuzaji akikataa kuonyesha karatasi ya ruhusa, tutafanya nini?
– Nani atashika daftari, na nani atamukagua?
– Juu ya nini wengine wetu wanaficha nguruwe waliokufa? Tuwasaidie namna gani?