Anasikia sauti, hashiki maneno

SWALI: Daktari, mume wangu ana miaka 41. Ana ugonjwa wa neva wa kurithi uitwao Charcot-Marie-Tooth, na marehemu baba yake alikuwa nao. Nyumbani tunaongea vizuri, lakini sokoni au ndani ya matatu anajibu yasiyoulizwa. Alipimwa masikio kwa vipokea sauti, akaambiwa yako sawa. Jamaa wanasema ni kiburi. Je, ugonjwa huu hufika masikioni? Na binti yetu wa miaka 9?
Mama wa mmoja, Timau

JIBU: Ndiyo, mama, kwa baadhi ya wagonjwa hufika. Nakuomba umwamini mumeo.

Ugonjwa huu, ulioelezwa mwaka 1886 na Charcot na Marie wa Ufaransa pamoja na Tooth wa Uingereza, humpata takriban mtu 1 kati ya 2,500. Kwa kawaida huanzia kwenye neva ndefu, ndiyo maana miguu hutangulia kudhoofika. Hata hivyo, neva ya kusikia nayo inaweza kuathirika.

Kipimo alichofanyiwa huuliza jambo moja tu: je, unasikia mlio huu mdogo katika chumba kimya? Anaweza kuusikia vizuri. Kuelewa usemi ni kazi nyingine: neva lazima ipeleke ishara kwenye ubongo kwa mpangilio wa wakati ulio sahihi kabisa. Neva ikiharibika, ishara hufika zimetawanyika, kama kwaya ambayo kila mwimbaji ameanza kwa wakati wake. Kukiwa na kelele, maneno hupotea.

Anzeni katika hospitali iliyo karibu, mwombe barua ya rufaa kwenda kliniki ya masikio, pua na koo, Nanyuki au Meru. Mweleze daktari ugonjwa wa neva, kisha muulize kuhusu kipimo cha ABR, kinachofuatilia ishara kutoka sikioni hadi kwenye shina la ubongo, na kile cha kuelewa maneno penye kelele. Huenda mkatumwa Nairobi. Vifaa vya kusikia huwafaa baadhi. Wengine hufaidika zaidi na maikrofoni ndogo anayovaa msemaji.

Nyumbani, zima redio kabla ya kuongea. Mwite jina, ngoja akutazame, kisha sema taratibu bila kupaza sauti. Jioni, taa iangaze uso wako ili aone midomo. Ndani ya matatu, mwandikie kwenye simu.

Kila anapotibiwa, ataje ugonjwa wake. Dawa ya saratani iitwayo vinkristini inaweza kumdhuru vibaya, na sindano za jentamaisini zinaweza kuharibu usikivu. Asiache dawa yoyote bila kumwona daktari.

Kuhusu binti: katika aina zinazojulikana zaidi, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 2 ya kurithi, awe wa kike au wa kiume. Mpelekeni apimwe miguu na usikivu hata kama halalamiki. Mwalimu amketishe mbele, mbali na dirisha lenye kelele, na asimwite mzembe kabla ya majibu kutoka.

Mtu yeyote akipoteza usikivu ghafla, hasa sikio moja, aende hospitali siku hiyohiyo. Matibabu hufaa zaidi yakianza mapema.