SOMO LA MWEZI: KIDONGE SI CHAI YA ASUBUHI



Katika mashamba ya miwa wengi wetu tunameza vidonge vya maumivu alfajiri, kabla ya kushika panga. Bado hatuumwi, tunayakinga maumivu ya mchana. Vidonge hivyo tunavinunua dukani pamoja na chumvi na sabuni, basi tunadhani havina madhara. Tujifunze.

Kwanza, diklofenaki na ibuprofeni. Hutuliza viungo, lakini zikimezwa kila siku huweza kuchubua tumbo mpaka likatoa damu. Ukiona choo cheusi kama lami, usingoje mshahara. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tena dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo. Anayekata miwa juani, jasho likimtoka na maji hana, figo zake zimekwisha elemewa. Kidonge kinaongeza mzigo.

Pili, parasetamoli. Kwa mtu mzima, vidonge vya miligramu 500 visizidi 8 kwa saa 24. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ukizichanganya unapita kipimo bila kujua. Ikizidi huharibu ini, hasa kwa mnywaji wa pombe wa kila siku. Siku ya kwanza mtu huweza kujiona mzima, kumbe ini linaharibika.

Tatu, tujiulize: kwa nini tunameza? Mwenzetu mmoja alimeza miaka miwili ili amalize ngwe yake. Alipotapika damu, mnyapara alisema amejitakia. Sisi tunasema hakujitakia. Ngwe ilikuwa ndefu, maji yalikuwa mbali, kivuli hakikuwapo.

Huko Nikaragua na El Salvador wakata miwa wengi wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Wataalamu wanauhusisha na kazi nzito katika joto kali bila maji ya kutosha. Baadhi ya mashamba ya huko sasa yanatoa maji, kivuli na mapumziko.

Basi tuazimie mambo mawili. Mosi, tusimeze dawa kila siku bila kumwona mganga wa zahanati. Pili, kila tawi lidai maji safi shambani, kivuli, na ngwe inayolingana na nguvu za binadamu.

Maswali ya kujadili tawini: Maji ya kunywa yako umbali gani na ngwe yako? Nani katika kikosi chako humeza kila asubuhi, na nani amekwisha mwuliza sababu?

Umoja ni nguvu!