Ruta ya dukani ina miaka mingapi? Igeuze uangalie

Wiki hii sitaongelea picha za bidhaa wala bei. Naongelea kile kidude chenye taa taa kilichokaa juu ya kabati, kinachotuletea WiFi, ambacho tukishakichomeka tunakisahau mpaka siku mtandao unapogoma. Mimi changu nilikisahau miaka sita, na kikanigharimu Sh 286,000 siku tatu kabla ya Idi.

Ilikuwa hivi. Nauza vitenge na viatu vya kike, duka dogo hapa Morogoro, lakini mauzo mengi yako WhatsApp. Simu ya duka anakaa nayo mdogo wangu ninayefanya naye kazi. Jioni moja akaniambia, "Dada, simu inasema kivinjari kimepitwa na wakati, nikisasishe?" Nikamjibu sasisha tu, nilikuwa napima kitenge cha mteja. Akabonyeza, ikashuka programu, ikaomba ruhusa ya kusoma meseji, akaruhusu. Kesho yake asubuhi WhatsApp ya duka ikatoka yenyewe. Mtu alikuwa ameisajili kwenye simu yake, na ile kodi ya tarakimu sita iliyotumwa kwa meseji aliisoma kupitia programu ile ile.

Wateja wangu wanne walitumiwa "namba mpya ya malipo" wakalipa. Mmoja ni mama wa Dodoma ambaye hununua kwangu kila mwezi, alilipia doti tatu. Nilirudisha hela zote, kwa mafungu, na akaunti niliipata baada ya siku 7 kwa sababu mwizi alikuwa ameshaweka namba yake ya siri ya hatua ya pili, na WhatsApp ukikumbwa na hilo inakusubirisha siku 7. Idi ikapita hivyo.

Sasa sehemu iliyonifanya niandike hapa. Nilidhani kosa ni la mdogo wangu. Fundi alipokuja akafanya kitu kimoja rahisi sana: akachukua simu yake mwenyewe, akaunga WiFi ya duka, akafungua tovuti ya kawaida. Lile tangazo la kusasisha kivinjari likatokea. Akazima WiFi, akawasha bando lake, tovuti ile ile. Halikutokea. Akaunga WiFi tena, likarudi. Akaniangalia akasema, "Dada, ugonjwa hauko kwenye simu. Uko kwenye ruta."

Nilijifunza nini? Ndani ya ruta kuna sehemu inaitwa DNS. Ni kama mtu wa stendi unayemuuliza gari la Dodoma liko wapi, akakuonyesha. Ukimbadilisha yule mtu ukaweka tapeli, abiria wote wa stendi ile wanapelekwa anakotaka yeye. Kwenye ruta yangu namba za DNS zilikuwa zimebadilishwa na mtu wa mbali. Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili yangu. Mwaka 2018 watafiti wa Kaspersky walieleza kundi walilolipa jina Roaming Mantis, lililobadilisha DNS za ruta huko Asia na kuwaletea watu tangazo la kusasisha Chrome, kumbe ni programu ya wizi.

Mtu wa mbali aliingiaje? Milango miwili. Pasiwedi ya kuingilia kwenye ruta ilikuwa admin na admin, ile iliyotoka nayo kiwandani. Na programu ya ndani ya ruta ilikuwa ile ile ya siku niliyoinunua. Ndiyo, ruta ina programu ndani yake, mafundi wanaiita famuwea. Programu ikiwa na tundu, kampuni inatoa kiraka. Kwenye tairi, kiraka anaweka fundi pancha. Kwenye ruta za zamani kiraka hakiji chenyewe, ni wewe ukifuate, ukipakue, ukiweke. Ruta nyingi mpya zinajisasisha, hizi zetu za zamani hapana. Tatizo liko hapo.

Basi tuingie kazini. Nitaeleza kama nilivyofanya mimi, na pale nilipokaribia kuharibu nitasema.

Kwanza igeuze ruta uangalie kibandiko. Utaona jina la modeli, na pembeni yake toleo: V1, V2, Ver 5.0, au namna hiyo. Wengi tunasoma modeli tu tunaacha toleo. Usiache. Ruta mbili zenye jina moja na sura moja zinaweza kuwa na vifaa tofauti kabisa ndani. Mfano ni TP-Link TL-WR841N ambayo imejaa madukani: toleo la 13 lina hifadhi ya MB 8, toleo la 14 lililokuja baadaye likarudi MB 4. Faili la moja halifai kwenye lingine. Ukilazimisha, ruta inageuka tofali, inawaka taa moja na haisemi kitu. Kuna pia ruta zenye faili tofauti kwa Ulaya na kwa Marekani, kwa hiyo kama kibandiko kina EU au US, andika na hiyo.

Pili, ingia ndani ya ruta. Fungua kivinjari uandike 192.168.0.1 au 192.168.1.1 (kibandiko huwa kinasema ipi). Kwenye ukurasa wa hali ya ruta, unaoitwa "Status", utaona toleo la famuwea na mara nyingi tarehe yake. Piga picha.

Tatu, kukipata kiraka. Hapa nataka twende polepole, kwa sababu mimi niliibiwa kwa njia ya sasisho feki, na mtu anayetafuta sasisho la kweli kwa haraka anaweza kuangukia feki jingine. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni iliyotengeneza ruta. Usibonyeze matokeo ya kwanza ya Google, yale ya juu mara nyingi ni matangazo. Usichukue faili kwenye kundi la Telegram hata kama aliyeliweka ni mtu mwema. Na usipakue ukiwa umeunga kwenye ruta hiyo hiyo unayoishuku, maana tapeli wa stendi bado yuko kazini, atakupeleka kwingine. Tumia bando la simu.

Ukifika kwenye tovuti nenda sehemu ya msaada, weka modeli, chagua toleo lako, utaona orodha ya famuwea zenye tarehe. Kama ya juu ni mpya kuliko uliyoipiga picha, ndiyo unayoitaka. Soma maelezo yake mafupi. Yakisema imerekebisha tatizo la usalama, usiahirishe.

Baadhi ya kampuni huweka pembeni ya faili mstari mrefu wa herufi na namba ulioandikwa SHA256. Huo ni kama muhuri. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri kwenye folda lenye faili, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Mstari utakaotoka ufanane wote na ule wa kwenye tovuti. Ukitofautiana hata herufi moja, futa upakue upya. Mara nyingi ni bando lilikatika katikati tu, lakini hata faili nusu linaua ruta.

Faili likija limefungwa kama zip, lifungue kwanza. Linaloingizwa kwenye ruta ni lile la ndani, mara nyingi linaishia na bin. Mimi niliingiza zip nzima, ruta ikakataa. Nashukuru ilikataa.

Nne, kabla hujaweka: piga picha kurasa zote za mipangilio, hasa ile ya intaneti kama mtoa huduma alikupa jina na pasiwedi za kuunga. Ruta nyingi zikisasishwa zinasahau kila kitu, na saa mbili usiku hakuna wa kukupokelea simu.

Halafu umeme. Ndugu yangu, umeme ukikatika ruta ikiwa katikati ya kuandika famuwea, hiyo ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kuipoteza. Mimi nilifanya alfajiri, laptopu ikiwa na chaji, ruta nimeichomeka kwenye kile kibetri kidogo cha ruta. Na unga kwa waya, usitumie WiFi, maana WiFi yenyewe itazimika kazi ikiendelea.

Sasa nenda "System Tools" kisha "Firmware Upgrade" (jina linabadilika kidogo kwa kila kampuni), chagua faili, bonyeza, kaa mbali. Dakika tano hivi. Taa zitazima na kuwaka. Usibonyeze kitu hata ukiona imekaa kimya. Mdogo wangu alitaka kuichomoa nikamshika mkono.

Umemaliza? Bado. Kiraka kinaziba tundu, hakimtoi mtu aliyeshaingia, wala hakirudishi pasiwedi iliyoshaonwa.

Kuna kisa kinaonyesha hili vizuri. Wale mnaouza vocha za WiFi mnaijua MikroTik, ya Latvia. Aprili 2018 liligundulika tundu lililomwezesha mtu wa mbali kusoma faili lenye majina na pasiwedi za ruta bila hata kuingia. Kampuni haikukawia, ilitoa kiraka mwezi ule ule, toleo 6.42.1. Lakini miezi mitatu, minne baadaye, ruta zaidi ya 200,000 ambazo wenyewe hawakuzisasisha zilikutwa zinawachimbia wezi sarafu za kidijitali, nyingi zikianzia Brazil. Kiraka kilikuwepo, bure, ila hakikufuatwa. Na waliosasisha wakabaki na pasiwedi ile ile ya zamani nao hawakupona, kwa sababu mwizi alikuwa ameshainakili.

Kwa hiyo baada ya kusasisha, mimi nilirudisha ruta kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitufe cha nyuma, nikapanga upya kwa mkono nikifuata picha zangu. Sikurudisha nakala ya mipangilio ya zamani, maana ndiyo iliyokuwa na DNS ya mwizi. Nikaweka pasiwedi mpya ya kuingilia, tofauti na ya WiFi. Nikazima usimamizi wa mbali na WPS. Nikahakikisha DNS iko kwenye hali ya kujichukulia yenyewe kutoka kwa mtoa huduma.

Mwenye MikroTik kazi yako ni nyepesi: fungua Winbox, nenda "System", "Packages", bonyeza "Check For Updates", chagua njia ya "long-term" kama hupendi majaribio, ipakue na kuiweka. Ikishawaka nenda "System", "RouterBOARD", bonyeza "Upgrade" kisha iwashe upya, hatua hii wengi wanairuka. Ikikwambia nafasi haitoshi, futa mafaili ya zamani kwenye "Files". Na kwenye "IP", "Services" zima vyote usivyotumia, Winbox iache kwa mtandao wa ndani tu.

Kama ruta ulipewa na kampuni ya intaneti, huenda hiyo sehemu ya kusasisha wameifunga. Wapigie, waulize maswali mawili tu: famuwea yangu ni ya lini, na nani anaisasisha. Wakijiumauma, omba wakubadilishie kifaa.

Swali gumu ni hili: ukienda kwenye tovuti ukakuta famuwea ya mwisho ni ya miaka mingi nyuma, na kampuni imeandika kuwa modeli hiyo haihudumiwi tena? Hapo hakuna kiraka kitakachokuja tena. Kuna programu huria inaitwa OpenWrt inayofufua baadhi ya ruta za zamani, na ni nzuri, ila zile za hifadhi MB 4 na RAM MB 32 haziwezi matoleo yake ya sasa. Nilihesabu muda, nilihesabu faida ya jozi mbili za viatu, nikaona ni afadhali kununua nyingine. Hiyo ni hesabu yangu, ya kwako unaijua wewe. Ila unaponunua, hata ya mtumba, angalia kwanza kwenye tovuti ya kampuni kama modeli na toleo lile bado linapata masasisho. Ruta ya Sh 15,000 isiyopata kiraka ni ghali.

Yule mwenzangu anayetumia kompyuta ya Windows 7 kutolea risiti, nawe umo humu. Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Kama huwezi kuibadilisha sasa, basi itoe kwenye WiFi, itumie risiti tu.

Ruta yangu ya zamani ilipata kiraka kimoja, cha mwisho. Niliiacha ifanye kazi miezi miwili nikijikusanya, kisha nikanunua nyingine. Nimeandika kwa kalamu ya maka juu yake modeli, toleo, na tarehe niliyosasisha, na kila tarehe mosi nikifunga hesabu za mwezi naingia mle ndani kuangalia DNS na kama kuna famuwea mpya. Haizidi dakika kumi.

Jambo la mwisho. Ukipiga picha kibandiko cha ruta umtumie fundi au uiweke hapa tukusaidie, funika kwa kidole sehemu ya chini. Nyingi zimeandikwa pale pale pasiwedi ya WiFi na PIN.