SOMO LA AFYA: JEMBE LISILOLIMIWA HUSHIKA KUTU

Somo letu la juma hili lahusu mazoezi ya mwili: faida yake, kiasi chake, na namna yafaavyo kwa mtoto, kijana, mtu mzima na mzee. Huenda mmoja wenu akasema, "Hayo ni mambo ya askari na wanafunzi, mimi yanihusu nini?" Twamwomba asigeuze ukurasa kwanza, bali asikilize habari ya mama mmoja mzee.

Mama huyo alikuwa amepita umri wa miaka 70. Kila siku aliamka alfajiri, akalima bustani yake ya mboga, akateka maji kijitoni, akapanda kilima kwenda kusali. Wanawe walipopata kazi nzuri mjini waliona ni aibu mama yao aonekane na jembe mkononi. Wakamwajiri kijana wa kulima, wakaleta maji ya bomba mpaka mlangoni, wakamnunulia kiti chenye mito na televisheni. Walifanya hivyo kwa mapenzi na heshima, wala hapana awezaye kuwalaumu. Lakini mwaka wa pili haujaisha, mama alianza kushika ukuta alipokwenda uani. Siku moja ya mvua aliteleza kizingitini, akaanguka, akavunjika mfupa wa nyonga.

Je, ni uzee uliomwangusha, au ni kile kiti? Swali hili ndilo somo letu lote.

Mwili Wafanyaje Kazi?

Jembe lisilolimiwa hushika kutu, na mwili nao ni vivyo hivyo. Moyo ni msuli. Mtu atembeapo kwa haraka au afanyapo kazi ya nguvu kila siku, moyo wake huzidi kuwa imara, hata huweza kusukuma damu nyingi kwa pigo moja. Kwa hiyo apumzikapo, moyo wake hupiga polepole bila kuchoka. Misuli ya miguu na mikono ifanyapo kazi huchukua sukari iliyo katika damu na kuitumia, na hivyo kumkinga mtu na ugonjwa wa kisukari. Mifupa nayo ikibebeshwa mzigo wa kadiri hukaza. Tena mtu afanyaye mazoezi hulala vizuri, na fikira zake huwa nyepesi.

Kinyume chake pia ni kweli. Msuli usiotumiwa hupungua, na mfupa usiobeba kitu hudhoofika. Katika uchunguzi mkuu wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 kwa watu wenye umri wa miaka 18 mpaka 69, ilionekana ya kuwa yapata robo yao walikuwa na uzito uliopita kiasi, na karibu robo walikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Sababu za maradhi hayo ni nyingi, kama vile chumvi, tumbako, pombe na vyakula vya mafuta mengi. Lakini kukaa kitako mchana kutwa ni moja katika hizo.

Somo Kutoka Mabasi ya London

Zamani waganga wengi hawakuamini ya kuwa kukaa kitako kwaweza kudhuru moyo. Aliyewafumbua macho ni Daktari Jeremy Morris wa Uingereza. Yeye na wenzake walichunguza habari za wanaume wapatao 31,000, wenye umri wa miaka 35 mpaka 64, waliofanya kazi katika mabasi, tramu na treni za mji wa London katika miaka 1949 na 1950.

Basi la London lilikuwa na ghorofa mbili na watumishi wawili. Dereva alikaa kitini saa zote za kazi. Kondakta alipita katikati ya abiria akikata tikiti, na kila mara alipanda ngazi kwenda ghorofa ya juu na kushuka tena, mamia ya vidato kila siku. Watu hawa wawili walitumikia kampuni moja na kupita njia moja. Lakini Daktari Morris aliona ya kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Na kondakta aliyepatwa, alipatwa akiwa na umri mkubwa zaidi, na mara nyingi hakufa upesi. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1953. Alipotazama watumishi wa posta aliona jambo lile lile: waliopeleka barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na afya ya moyo kuliko makarani waliokaa mezani.

Wenye shaka waliuliza, "Labda wanene ndio waliochagua kazi ya udereva tangu mwanzo?" Daktari Morris hakukasirika, bali alikwenda kutazama vipimo vya sare zao. Akaona ni kweli, suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni hata kwa vijana. Lakini alipolinganisha dereva na kondakta wenye kiuno cha namna moja, bado kondakta alikuwa na nafuu. Habari ya vipimo vya sare ilitolewa mwaka 1956. Daktari mwenyewe aliishi mpaka mwaka 2009, akafa akiwa na umri wa miaka 99.

Basi msomaji ajiulize: katika kazi yangu, mimi ni dereva au kondakta? Sisi tushikao kalamu tumeketi pamoja na dereva, ingawa hatuendi po pote.

Kiasi cha Kila Umri

Shirika la Afya la Ulimwengu limetoa maagizo juu ya kiasi cha mazoezi. Ya watoto wadogo yalitolewa mwaka 2019, na ya watu wengine mwaka 2020. Tutayaeleza kwa kufuata umri.

Watoto wadogo. Mtoto ambaye hajatambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, huku mzazi akimtazama, kwa muda wa nusu saa kwa siku, si kwa mara moja bali kidogo kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka minne yampasa kuchezacheza saa tatu kwa siku. Mama asione ni utundu mtoto apandapo na kushuka, kwani hiyo ndiyo shule yake ya kwanza. Kumnyamazisha kwa kumpa simu atazame ni kumfunga miguu bila kamba.

Watoto wa shule na vijana. Wenye umri wa miaka 5 mpaka 17 wahitaji saa moja au zaidi kila siku ya mchezo au kazi iwafanyayo kuhema. Siku tatu katika juma wafanye mambo ya nguvu, kama kukimbia, kuruka kamba, kucheza mpira na kuvutana kamba. Huu ndio wakati wa kuweka akiba ya mifupa, maana mfupa hujengwa sana utotoni na ujanani, na mtu huila akiba hiyo uzeeni. Kwa hiyo shule itwaayo saa ya michezo kila juma na kuifanya saa ya hesabu haimpi mtoto faida, bali yamkopa mifupa yake. Wasichana nao wasiachwe ukingoni mwa uwanja kutazama wavulana. Mifupa yao yataka akiba hiyo hiyo, na pengine zaidi, kwa kuwa wanawake wengi hupungukiwa na nguvu za mifupa baada ya kukoma hedhi.

Nchi ya Kenya ina sifa kubwa ya mbio. Wilson Kiprugut alileta medali ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo mwaka 1964, na Kipchoge Keino alishinda mbio za mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968. Eliud Kipchoge alikuwa na umri wa miaka 37 alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Twajivunia watu hao, na ni haki yetu. Lakini medali ya mwenzio haikupunguzii shinikizo la damu. Atazamaye mbio akiwa kitini hajakimbia hata hatua moja.

Watu wazima. Mwenye umri wa miaka 18 mpaka 64 yampasa kupata dakika 150 mpaka 300 kwa juma za mwendo wa kadiri, au dakika 75 mpaka 150 za mwendo wa nguvu. Hesabu si ngumu: nusu saa kwa siku, siku tano katika juma, ni dakika 150. Zaidi ya hayo, siku mbili katika juma afanye kazi ya kutia misuli nguvu, kama kuinua vitu vizito au kuchuchumaa na kusimama mara nyingi.

Mtu atajuaje kama mwendo wake ni wa kadiri au wa nguvu? Hana haja ya kununua chombo. Akiweza kuzungumza na mwenzake lakini hawezi kuimba, huo ni wa kadiri. Akiwa hawezi kusema ila maneno machache kabla ya kuvuta pumzi, huo ni wa nguvu.

Mkulima apasuaye kuni na kulima tangu asubuhi amekwisha pata kiasi chake, wala hana deni. Tunaomwonya ni mwalimu, karani, mshonaji, mwenye duka, na dereva wa matatu. Huyu ashuke kituo kimoja kabla ya kufika kwake, aende kwa miguu. Atumie ngazi badala ya lifti. Kila saa moja asimame kitini, anyoshe viungo. Mwanamke mwenye mimba isiyo na matatizo naye asikatazwe kutembea. Yafaa apate dakika 150 kwa juma za mwendo wa kadiri, kwa shauri la mkunga wake.

Wazee. Hapa twarudi kwa mama yetu. Wenye miaka 65 na zaidi wana kiasi kile kile cha watu wazima, kwa kadiri ya uwezo wao, na juu yake siku tatu katika juma wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara wasianguke. Mzee asimame nyuma ya kiti kizito, akishike, ainue mguu mmoja ahesabu mpaka kumi, kisha mguu wa pili. Tena aketi na kusimama mara kumi bila kutumia mikono, ikiwa aweza.

Wako wasemao, "Mzee amekwisha choka, mwacheni apumzike." Mwaka 1990 Daktari Maria Fiatarone na wenzake walitoa habari ya wazee kumi dhaifu, wenye umri wa miaka ipatayo 90, waliokaa katika nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, Marekani. Kwa muda wa majuma manane wazee hao walifundishwa kuinua uzito kwa miguu yao. Mmoja hakumaliza, lakini wale tisa waliomaliza nguvu zao za miguu zilizidi maradufu. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza kupata nguvu mpya, sembuse wa 70?

Tahadhari

Asiyezoea aanze kidogo: dakika kumi juma la kwanza, kisha aongeze. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye ugonjwa wa moyo, kisukari au shinikizo la damu apate kwanza shauri la daktari. Na mtu ye yote akisikia maumivu kifuani, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, aache mara moja na kwenda hospitali.

Mwisho wa Habari ya Mama

Mama yule alitibiwa, na alipoanza kupona mganga aliwaambia wanawe, "Msimlaze. Kila siku atembee, japo hatua chache." Walianza kwa kumshika mkono mpaka mlangoni, kisha mpaka mwembeni. Baada ya miezi kadhaa mmoja wao alimletea jembe dogo lenye mpini mfupi, akamlimia tuta moja karibu na nyumba, akamwambia, "Mama, hili ni lako." Mama akalipokea kwa mikono miwili. Akasema, "Wanangu, mlinipa kiti, nami nawashukuru. Lakini kiti kile kilikuwa kikinila miguu." Sasa sukuma ya tuta lile huliwa na wajukuu, ingawa mama hajaweza tena kupanda kilima kama zamani.

Heshima ya mzazi ni jambo kubwa kwetu, wala hatusemi iachwe. Tumwondolee mzee mzigo umzidio nguvu, lakini tusimwondolee kazi aiwezayo na aipendayo. Na sisi wenyewe tusingoje kuanguka kizingitini ndipo tukumbuke ya kuwa tuna miguu.

Maswali ya Kuzungumza Nyumbani

1. Katika nyumba yenu, nani akaa kitako zaidi ya wote, na kwa sababu gani?
2. Ni kazi gani mmewanyang'anya wazee wenu kwa heshima, ambayo wangeiweza bado?
3. Watoto wenu wachezapo, hupata saa moja kamili kwa siku?
4. Wewe msomaji, juma lililopita ulipata dakika ngapi?