Mafunzo Niliyopata kwa Kompyuta Iliyojizima Kila Usiku

Kwa miezi miwili kompyuta yangu ya gemu ilikuwa inazima pap! Haigandi, haileti skrini ya bluu. Giza tu, feni kimya, halafu sekunde mbili tatu baadaye inajiwasha yenyewe kana kwamba haikufanya kitu.

1. Namna inavyozima ni ushahidi. Skrini ya bluu maana yake Windows imepata muda wa kulalamika. Mara nyingi hapo ni draiva au RAM. Ikikatika kama mtu kachomoa waya, shuku umeme kwanza. Mimi sikushuku. Nilipiga Windows upya mara mbili, nikanunua RAM mpya, kisha nikailaumu ekstensheni na umeme wa mtaa, wakati taa na friji za nyumba hiyohiyo hazikuyumba hata kidogo.

2. "Kernel-Power 41" si jibu. Niliikuta imejaa kwenye kumbukumbu za Windows nikadhani nimemkamata mchawi. Kumbe inasema tu kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Hilo nilikuwa nalijua, nilikuwa nimekaa mbele yake.

3. Andika inazima lini. Kwenye daftari langu FIFA ilikwenda kwa muda wa saa tatu bila tatizo, Cyberpunk 2077 haikumaliza dakika kumi na tano. Joto la kadi ya picha halikuvuka nyuzi 72, kwa hiyo joto nikaliweka kando. Kisha nikatumia MSI Afterburner kuibana kadi, ile RTX 3070, ivute asilimia 70 tu ya umeme wake. Ikacheza mpaka alfajiri.

4. Usisome namba kubwa, soma jedwali. Hapa ndipo nilipoona aibu. Pawa saplai yangu imeandikwa 600W kwa herufi za kumpendeza mteja. Nilipoichomoa na kumulika kibandiko kwa tochi ya simu, nikaona mstari wa volti 12: ampea 30. Zidisha: wati 360. Na kadi ya picha na prosesa hula hasa kwenye mstari huo. Kadi peke yake ni wati 220, na gemu ikichanganya huruka juu zaidi kwa milisekunde chache. Ongeza prosesa, feni na diski, nafasi imekwisha. NVIDIA wenyewe wanapendekeza 650W kwa kadi hii, nami nilikuwa nimenunua kibandiko.

Niliirudisha ndani ya kompyuta, nikaweka multimita kwenye plagi ya akiba, waya wa njano na mweusi. Bila gemu: 12.1. Gemu ilipoanza: 11.5, 11.3, giza. Kiwango cha ATX kinaruhusu kushuka asilimia 5, yaani mpaka 11.4. Lakini usitegemee multimita peke yake: miruko ya milisekunde haiioni, hivyo kipimo kizuri hakikuhakikishii uzima.

5. Azima kabla ya kununua. Fundi alishaniambia, "Kaka, hii motherboard imekufa, tafuta nyingine." Binamu yangu akanipa pawa saplai yake ya 750W kwa wikendi moja, na kompyuta haikuzima tena. Ningemsikiliza fundi, ningenunua motherboard ya kuunganisha kwenye tatizo lilelile. Ukiazima, chukua na nyaya zake: zile za kuchomoa hazichanganywi kati ya pawa saplai tofauti hata kama plagi zinaingiana, maana mpangilio wa pini hutofautiana na unaweza kuunguza diski. Na kadi yenye matundu mawili ipe nyaya mbili, si waya mmoja wenye vichwa viwili.

Pawa saplai yangu ya zamani iko uvunguni. Yako ikikufia, usiifungue kwa bisibisi eti uangalie ndani: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani.