Vesta, Jiwe Kubwa Lizungukalo Jua

Kati ya njia ya Mirihi na njia ya Mshtarii yako mawe mengi mno yanayolizunguka Jua, mengine makubwa kupita milima, mengine madogo kama kokoto. Vesta ni la pili kwa uzito miongoni mwao, nalo hung'aa kuliko yote, hata mara nyingine mtu mwenye macho makali, akaaye mbali na taa za mjini, aweza kuliona pasipo darubini.

Aliyeligundua ni Heinrich Olbers, mganga wa mji wa Bremen katika Ujerumani, tarehe 29 Machi 1807. Mchana alitibu wagonjwa, usiku alitazama nyota. Alidhani mawe haya ni vipande vya sayari moja iliyopasuka zamani, na kwamba vipande vyote havina budi kupita tena mahali ilipopasukia. Akapachunga mahali hapo miaka kadhaa, na Vesta ikaonekana. Dhana yake ilikuwa ya makosa, kwa maana mawe yote hayo yakikusanywa pamoja hayafikii uzito wa Mwezi wetu. Lakini subira yake haikupotea bure.

Njia ya Vesta si duara kamili. Likaribiapo Jua huwa umbali wa maili milioni 200 hivi, na likiwa mbali kabisa hufika milioni 239. Safari nzima huchukua miaka mitatu na miezi saba na nusu, kwa mwendo wa maili 12 kila sekunde. Hujizungusha lenyewe kwa saa 5 na dakika 20 tu. Basi tangu jua kuchomoza hata kuchwa hazipiti saa tatu.

Upana wake ni kadiri ya maili 326, karibu sawa na urefu wa reli ya zamani kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Hakuna hewa wala maji. Nguvu yake ya kuvuta vitu ni ndogo mno: gunia la ratli 200 hapa kwetu, huko lingekuwa na uzito wa ratli 5.

Chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kililifikia Julai 2011, kikalizunguka zaidi ya mwaka. Upande wa kusini kiliona shimo lenye upana wa maili 300 na zaidi, lililochimbwa na jiwe jingine lililoligonga. Katikati ya shimo umesimama mlima ambao kimo chake chapita Kilimanjaro mara tatu.

Vifusi vya pigo hilo vilikwenda wapi? Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani waliupima mwanga wa Vesta, wakauona unalingana na ule wa mawe fulani yaangukayo duniani kutoka mbinguni. Vipimo vya Dawn vikathibitisha. Vipande vilivyoruka viliendelea kulizunguka Jua, vingine vikavutwa na Mshtarii hata vikaacha njia yao na kuishia kwetu. Katika kila mawe 20 yaangukayo, moja hivi ni la Vesta. Mojawapo liliangukia Tatahouine, Tunisia, tarehe 27 Juni 1931, likavunjika vipande vipande. Kila kipande kilichookotwa pale kiliganda kutoka katika mwamba ulioyeyuka kwa joto, yapata miaka milioni 4,500 iliyopita.