Bunduki ya Babu Darini: Niuze au Nianze Kukusanya?

Mjomba, naishi Newala, nina duka la spea za pikipiki na shamba la mikorosho la ukoo wa mama. Tulipokuwa tunabadilisha bati kwenye nyumba ya marehemu babu, tulikuta bunduki ndefu imeviringishwa kwenye gunia, kutu tupu, kitako kimeliwa na mchwa. Bibi anasema ni ya Mjerumani, ya baba yake babu aliyekuwa askari. Palikuwa pia na kopo la maganda ya risasi, bizimu ya mkanda na sarafu za zamani. Mimi ni mpenzi wa habari za majambazi wa Marekani, akina Dillinger na Bonnie na Clyde, na nimeona silaha zao zinavyouzwa kwa pesa nzito. Kuna jamaa wa Dar aliona picha niliyoweka WhatsApp, anasema niipakie kwenye basi, atanipa milioni tatu. Niuze, au niweke nianze mkusanyiko wangu?

Mpenda vya Kale, Newala

Mpwa, nianze na hilo basi, maana ndilo la haraka: bunduki isipande. Kutoka Newala hadi Masasi, Masasi hadi Mingoyo, kisha Lindi mpaka Dar, mzigo huo ukifunguliwa kwenye kizuizi, anayekamatwa ni aliyeupakia. Jamaa yako yuko Mbagala anakunywa chai. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inataka leseni kwa bunduki, na sidhani kama kuna askari wa usalama barabarani atakayekusikiliza ukimweleza habari za mchwa na Vita Kuu ya Kwanza. Picha nayo ifute leo.

Sasa tuje kwenye hao majambazi wako, kwa sababu nadhani walikuvutia kwa jambo ambalo hukuliona sawasawa. Ni kweli, mwaka 2012 kwenye mnada wa Nashua, New Hampshire, bastola ya Bonnie Parker iliuzwa dola 264,000 na ya Clyde Barrow dola 240,000. Mwaka 2021, Colt ya Al Capone ilifika dola 860,000 huko California. Lakini bastola za Colt za aina hizohizo, zilizotoka kiwanda hichohicho, zimejaa Marekani na haziuzwi hata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Kilichonunuliwa ni karatasi. Frank Hamer, askari wa Texas aliyeongoza mtego uliowaua wawili wale Mei 23, 1934, alibaki na silaha zao, na mwanawe aliandika barua kueleza bastola ya Bonnie ilitolewa wapi mwilini mwake. Ya Capone iliuzwa na wajukuu zake wenyewe. Pasipo ushahidi wa namna hiyo watu hupigwa: gari la Ford walilofia Bonnie na Clyde lilizungushwa kwenye maonyesho kulipisha viingilio, na nyuma yake yakazunguka magari mengine ya bandia yaliyotobolewa matundu na wajanja.

Wewe una chuma, huna karatasi. Bibi anasema ni ya Mjerumani. Inawezekana sana. Oktoba 1917 palipiganwa Mahiwa, karibu na Nyangao, siku nne za mauaji makubwa, na mwezi uliofuata kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akapita uwanda huu wa juu wa Makonde na askari wake akielekea mto Ruvuma. Alivuka Ngomano Novemba 25. Baadhi yao walikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ile ya baruti ya moshi ambayo ukipiga risasi moja adui anaona wingu anajua uko wapi. Walipowashinda Wareno ng'ambo walichukua bunduki za Kireno, wakazitupa zile kuukuu. (Wajerumani walituma hata ndege kubwa ya gesi, L59, kutoka Bulgaria ikiwa na shehena ya risasi na dawa ishuke Makonde. Iliitwa irudi ikiwa juu ya Sudan. Ingefika, nyumba nyingi za Newala zingekuwa na vitu darini.)

Ila Newala haikupitiwa na Mjerumani peke yake. Wareno waliivamia na kukaa kwenye boma mwishoni mwa Oktoba 1916, wakafurushwa mwezi mmoja baadaye. Waingereza wakaja na vikosi vya Wanigeria, Wahindi, Waafrika Kusini na KAR, jeshi lao la Afrika Mashariki. Kwa hiyo kabla hujaiita ya Mjerumani, soma maganda. Chukua ganda moja, lakini kwanza litazame kitakoni: kama katikati pana kidimbwi cha pini na mdomoni hamna kichwa cha risasi, limekwisha kupigwa. Kama pako laini, au kichwa bado kipo, hiyo ihesabu ni risasi nzima. Liache palepale, hata kama lina miaka mia, na usilitingishe kopo. Ganda nene la milimita 11 lenye ukingo uliotokeza ni la Mauser ya 1871. Jembamba la 7.92, lisilo na ukingo ila mfereji, ni la Mauser ya 1898. Lenye ukingo na maandishi VII ni la Mwingereza, risasi ya .303. Mara nyingi utakuta herufi za kiwanda na tarakimu za mwaka. Hapo ndipo maneno ya bibi yanapopata mguu wa kusimamia, au yanapoupoteza.

Na kuna silaha za karibu zaidi. Kati ya 1964 na 1974 vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilikuwa ng'ambo tu ya mto, na vitu vilivuka. Ukikuta shambani bomu la mkono au kitu cha bati cha duara, hicho hakina mkusanyaji. Weka alama kwa mbali, ita polisi.

Bunduki yenyewe usiikoki, usiisafishe, usiitazame mdomoni. Huwezi kujua kama ina risasi chemba. Kabla ya kwenda popote, kaa na wajomba zako. Kwetu mali ya ukoo wa mama haiuzwi na mpwa mmoja kimyakimya, na siku ya maswali utahitaji watu wa kusimama nawe. Halafu nenda kituo cha polisi mikono mitupu, pamoja na mtendaji wa kata na, ukimpata, msaidizi wa kisheria wa wilaya. Toa taarifa, waje wenyewe kuichukua. Serikali hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Kikiwa wazi, kitumie, lakini usikae miezi ukikisubiri. Mtu aliyejitokeza na mtu aliyekutwa nayo hawahukumiwi sawa. Dai hati ya makabidhiano yenye namba ya silaha. Hapohapo wape barua kuomba ipelekwe Makumbusho ya Taifa, kwa sababu silaha zinazosalimishwa kwa kawaida huteketezwa. Nakala ibaki kwa ukoo. Sikuahidi watakubali.

Utaniambia basi mkusanyiko umekwisha kabla haujaanza. Hapana, ndio kwanza unaanza, na kipande chako cha thamani kuliko vyote kinakaa barazani kinachambua kisamvu. Washa simu umrekodi bibi. Muulize baba mkwe wake alikuwa kampuni gani, bwana mkubwa wake aliitwa nani, walipita vijiji gani, alirudi lini. Muulize kama kweli alikuwa askari au mpagazi, kwa sababu wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, na si aibu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipotaka kuwalipa askari wake wazee, waliokusanyika Mwanza wengi hawakuwa na hati. Kila mzee akapewa ufagio, akapigiwa amri kwa Kijerumani, na mwili ukakumbuka gwaride. Pengine bibi anazijua amri hizo, alizisikia baba mkwe wake akiwaigizia watoto. Kama ukoo una Wakristo, tafuta majina kwenye vitabu vya ubatizo: Waanglikana wako Masasi tangu 1876, Wabenediktini Ndanda tangu 1906.

Bizimu na maganda matupu waonyeshe polisi siku hiyohiyo, wakikurudishia ni vyako. Mnunuzi akitaka kuvipeleka Ulaya, mwulize kibali. Kutoa vya kale nje ya nchi kuna utaratibu wake tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.

Sarafu ni furaha isiyo na kesi. Usizisugue kwa mchanga wala limau, ziking'aa bei inashuka. Tazama mwaka. Ukipata ya heller 20 ya 1916 yenye herufi T, ilipigwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani walipokatiwa njia ya fedha kutoka kwao. Zipo nyingi, hazitakujengea nyumba. Atakayekuambia rupia moja ya Mjerumani ni mamilioni, au kwamba ana ramani ya dhahabu iliyozikwa chini ya mwembe wa boma na anahitaji laki mbili za kafara, huyo ana mkusanyiko wake mwenyewe, wa watu kama wewe. Waonyeshe wanunuzi wawili wasiojuana, uandike kila mmoja alisema bei gani.